Maziwa Yale Yale, Ukuaji Tofauti

Katika miezi ya mwanzo ya maisha, mtoto anayenyonya kwa mama mwenye nafasi mjini Oslo na mtoto anayenyonya kwa mama mkulima katika kijiji cha Iringa hupata chakula kinachokaribiana sana kwa kiasi na kwa ubora, na kama wote wawili walizaliwa na uzito wa kutosha, mizani ya kliniki ingepata shida kubainisha yupi ametoka kwa tajiri na yupi kwa maskini. Wakitimiza miaka miwili, tofauti imekwisha kuwa kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, kwani mara nyingi yule wa kwanza ana kimo cha umri wake na yule wa pili amedumaa, yaani kimo chake ni kifupi kuliko inavyotarajiwa kwa mtoto wa umri huo, hali ambayo kwa sehemu kubwa haisahihishiki tena ukubwani. Swali ambalo wataalamu wa lishe wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne ni wapi hasa, katika miezi hiyo 24, njia za watoto hawa zinapoachana na kwa sababu gani. Jibu lililozoeleka, kwamba mama maskini hana maziwa ya kutosha kwa kuwa yeye mwenyewe hapati mlo wa kutosha, limeleta madhara makubwa, kwa sababu limesemwa na watu wenye nia njema na likaaminiwa na mama wenyewe.

Mwili wa mama hutengeneza maziwa kwa kufuata jinsi mtoto anavyonyonya. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama humimina homoni iitwayo prolaktini, ambayo huziamuru tezi za titi kutengeneza maziwa mengine, na kadiri titi linavyomalizwa ndivyo linavyojaza upesi, ilhali titi linaloachwa limejaa hupunguza kazi lenyewe. Kwa utaratibu huo, mama aliyeshiba na mama anayekula ugali mara mbili kwa siku, iwapo watoto wao hawapewi kitu kingine chochote, wote hutoa takriban mililita 700 hadi 800 kwa siku, na kila mililita 100 huwa na kilokalori 65 hadi 70, kilokalori ikiwa ni kipimo cha nguvu ambayo mwili huipata katika chakula. Protini, sukari ya maziwa, kalisi, chuma na zinki hubaki karibu vile vile hata mlo wa mama ukiwa duni. Umaskini huonekana zaidi katika vitamini A, baadhi ya vitamini za kundi B na madini joto, ambavyo hupungua ndani ya maziwa kama vimepungua katika sahani ya mama, na hilo ni jambo la kutiliwa maanani. Lakini wingi wa maziwa haushuki kirahisi, isipokuwa katika njaa kali.

Ushahidi wa jambo hilo ulijengwa kwa uvumilivu mkubwa katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, ambako watafiti wa Uingereza walipima kwa miaka mingi maziwa, uzito na maradhi ya watoto, kisha wakalinganisha na watoto wanaonyonya katika mji wao wa Cambridge. Aliyeongoza kazi hiyo, Roger Whitehead, alikuwa ametumikia kwanza Kampala, katika kituo cha utafiti wa utapiamlo cha Mulago, kabla ya kuhamia Cambridge mwaka 1973, hivyo maswali aliyokwenda nayo yalikuwa na asili ya Afrika Mashariki. Mwenzake Andrew Prentice na wenzao waliwapa mama wanaonyonyesha wa Keneba biskuti zenye karanga na kinywaji kilichoongezwa vitamini, kiasi cha kuwaongezea mamia ya kilokalori kila siku, wakitarajia maziwa yaongezeke. Hayakuongezeka. Mama wenyewe walinenepa kidogo na afya zao zikawa bora, faida ambayo ingetosha peke yake kuhalalisha msaada huo, maana mama naye ni mtu, si chombo cha kupitishia chakula cha mtoto. Chakula cha ziada kilipotolewa wakati wa ujauzito, mambo yalikuwa tofauti: katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, watoto wa vijiji vya Gambia waliozaliwa msimu wa njaa, ambao ghala huwa tupu na kazi za shamba huwa nyingi, walizaliwa na uzito uliozidi kwa takriban gramu 200. Kwa hiyo, kumlisha mama mapema huleta tofauti kwa mtoto kabla hajaona jua, ilhali kumlisha baada ya kujifungua humfaidi zaidi yeye mwenyewe.

Kulikuwa na fumbo jingine katika vipimo hivyo. Watoto wa Keneba walikua vizuri kwa miezi mitatu hivi, kisha mstari wao ukaanza kushuka chini ya ule wa chati ya ukuaji iliyotumika kimataifa, na wengi wakatafsiri kwamba hapo ndipo maziwa ya mama yalipokwisha nguvu. Ajabu ni kwamba watoto wa Cambridge walionyonyeshwa na mama walioshiba, katika nyumba zenye maji safi na joto la kutosha, nao walishuka chini ya chati ile ile, ingawa si kwa kiasi kile. Kama mtoto wa maskini na wa tajiri wote wanaonekana kupungukiwa, ilibidi kipimo chenyewe nacho kihojiwe.

Chati iliyotumika duniani tangu mwisho wa miaka ya 1970 ilitolewa Marekani mwaka 1977 na ikakubaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya kimataifa. Sehemu yake inayohusu watoto wa chini ya miaka miwili ilitokana na utafiti wa taasisi ya Fels katika mji mdogo wa Yellow Springs, jimbo la Ohio, uliokusanya vipimo kuanzia mwaka 1929 hadi 1975 kwa watoto weupe wa familia za tabaka la kati, ambao wengi wao walilelewa kwa chupa, na waliopimwa kila baada ya miezi mitatu tu, muda mrefu mno kwa kiumbe anayebadilika kila juma. Mtoto wa chupa huongezeka uzito kwa namna yake. Kathryn Dewey na wenzake, katika utafiti wao wa mji wa Davis, California, miaka ya 1980, waliwafuatilia watoto wa familia zenye uwezo, baadhi wakinyonya na baadhi wakipewa maziwa ya kopo, wakaona kwamba makundi yote mawili hulingana kwa miezi mitatu hivi ya mwanzo, kisha wanaonyonya huongezeka polepole zaidi, hata kufikia mwaka mmoja wakawa wepesi kwa takriban gramu 600, ingawa urefu wao haukuachana sana. Hawakuwa na njaa. Waliliacha titi wenyewe wakiwa wameshiba, na hata walipoanza kula waliacha chakula bila kukimaliza, maana mtoto anayenyonya hujipimia shibe, ilhali anayelishwa chupa hupimiwa na mkono wa mtu mwingine.

Madhara ya kipimo hicho yalifika hadi kwenye kadi ya kliniki. Mama alikuja na mtoto wa miezi minne, mchangamfu, anayekojoa vizuri na kucheka, akapandishwa kwenye mizani, nukta ikawekwa kwenye kadi, na kwa kuwa nukta hiyo ilianza kuteremka kutoka eneo la kijani kwenda la kijivu, akaambiwa kwamba maziwa yake hayatoshi, aanze kumpa uji. Ushauri huo haukuwa na uzito sawa kila mahali. Katika nyumba yenye maji ya bomba, jiko la gesi na jokofu, uji wa mapema au chupa ya maziwa ya kopo ilimnenepesha mtoto bila haja, hasara ambayo huchukua miaka kuonekana. Katika nyumba ambayo maji yanatoka kisimani na kuni hutafutwa kwa mguu, ushauri ule ule ulimfungulia mtoto mlango wa kuharisha. Na haukumwongezea chakula, kwa kuwa tumbo lililojazwa uji hunyonya kidogo, na titi linalonyonywa kidogo hutengeneza kidogo, hivyo utabiri wa muuguzi ukatimia kwa sababu ulifuatwa. Dewey na wenzake walilipima jambo hili kwa familia za kipato cha chini nchini Honduras, wakachapisha matokeo mwaka 1994: watoto walioanzishiwa vyakula salama vilivyotayarishwa viwandani tangu miezi minne hawakukua zaidi kuliko wale walioendelea kunyonya tu hadi miezi sita, kwa sababu walipunguza maziwa kwa kadiri walivyoongeza chakula.

Kipimo kipya kilipatikana kwa kazi kubwa iliyofanywa kati ya mwaka 1997 na 2003 katika miji sita: Pelotas nchini Brazili, Accra, Delhi, Oslo, Davis na Muscat, mji wa Oman wenye familia nyingi ambazo bado huzungumza Kiswahili nyumbani. Watoto wapatao 8,500 walipimwa, wakiwa wamechaguliwa kwa masharti: mama asivute sigara, familia iwe na hali nzuri ya maisha isiyozuia ukuaji, na mtoto anayefuatiliwa tangu kuzaliwa anyonyeshwe kikamilifu au karibu kikamilifu kwa angalau miezi minne, aendelee kunyonya hadi mwaka, na aanzishiwe chakula kufikia miezi sita. Matokeo yake hayana budi kuelezwa polepole, kwa kuwa yanapingana na imani iliyokita mizizi kuhusu makabila na mataifa. Katika urefu wa watoto, tofauti iliyotokana na mahali walikozaliwa ilikuwa takriban asilimia 3 tu ya tofauti zote, na tofauti baina ya mtoto mmoja na mwingine ndani ya mji ule ule ilikuwa karibu asilimia 70. Mtoto wa Accra aliyepewa nafasi alikua kama wa Oslo. Viwango vilivyotokana na utafiti huo vilitangazwa mwezi Aprili 2006, na tofauti yao na chati ya zamani si ya hesabu tu: chati ya zamani ilieleza jinsi watoto fulani walivyokua mahali fulani, na viwango vipya vinaeleza jinsi mtoto yeyote anavyopaswa kukua akipata haki yake.

Viwango hivyo viliondoa lawama isiyostahili juu ya maziwa ya mama, lakini havikumfariji mtu kuhusu hali ya watoto maskini. Cesar Victora na wenzake walipovitumia kwa takwimu za nchi 54 mwaka 2010, walionyesha kwamba urefu wa watoto wa nchi maskini huanza kuachwa nyuma karibu tangu kuzaliwa na huendelea kuporomoka hadi miezi 24, mapema na kwa kina zaidi kuliko chati ya zamani ilivyoonyesha. Sehemu ya pengo hilo mtoto huja nayo kutoka tumboni, na sehemu kubwa huongezwa katika kipindi cha kulikiza, yaani kumwanzishia mtoto vyakula vingine huku akiendelea kunyonya.

Hapo panahitaji hesabu. Mtoto wa miezi tisa hadi kumi na moja katika nchi zisizo tajiri, akiendelea kunyonya kama kawaida, huhitaji takriban kilokalori 300 kwa siku kutoka katika chakula, na akivuka mwaka huhitaji 550 hivi. Uji mwepesi wa mahindi, ule unaomiminika kutoka kwenye kikombe, huwa na unga usiozidi gramu 10 katika kila gramu 100, nyingine zote zikiwa maji, na kwa hiyo hutoa kilokalori 35 tu kwa gramu hizo 100. Tumbo la mtoto wa kilo nane na nusu hubeba gramu 250 hivi kwa mlo mmoja. Ili apate kilokalori 300 atahitaji karibu gramu 860 za uji huo, yaani milo mitatu na nusu ya kujaza tumbo kabisa, na akivuka mwaka atahitaji zaidi ya kilo moja na nusu kwa siku. Mtoto anayepewa uji huo asubuhi na jioni ataondoka mezani na tumbo lililovimba na nguvu isiyofika theluthi mbili ya anayohitaji, naye mama ataapa kwa haki kabisa kwamba mwanawe ameshiba. Kuuongeza unga hakusaidii vya kutosha, kwa kuwa wanga wa mahindi au muhogo ukipikwa hunyonya maji na kuvimba hadi uji ukawa mzito kama ugali, ambao mtoto asiye na meno hawezi kuumeza.

Ufumbuzi mmoja wa tatizo hilo ulikuwapo siku zote katika nyumba za watengeneza pombe ya kienyeji. Mtama au ulezi ukilowekwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa, hutoa kimea, ambacho kina kimeng'enya kiitwacho amilesi, kitu kinachokatakata wanga kuwa sukari fupi zisizovimba. Mapema miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na wenzao wa Sweden walionyesha kwamba kijiko kimoja cha kimea kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo, uji huo huwa mwepesi kunyweka kwa dakika chache, ingawa unga wake ni zaidi ya maradufu. Kijiko cha mafuta ya kupikia huongeza kilokalori zaidi ya 40, na karanga zilizopondwa huongeza nguvu na protini. Kinachosikitisha ni jinsi maarifa hayo yalivyobaki katika ripoti na semina, huku masoko yakijaa mifuko ya unga wa lishe uliochanganywa nafaka na maharage ya kila aina, ambao mara nyingi hupikwa vile vile mwepesi.

Nguvu peke yake haitoshi. Akiba ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huelekea kwisha afikapo miezi sita, na baada ya hapo zaidi ya asilimia 90 ya chuma anachohitaji lazima kitoke katika chakula, hasa maini, nyama, samaki na dagaa, kwa kuwa chuma kilicho ndani ya nafaka hufungwa na asidi fitiki na kupita tumboni bila kufyonzwa. Katika nyumba ya mwenye uwezo jambo hili hutatuliwa bila hata kufikiriwa, kwa vyakula vilivyoongezwa chuma na kwa kipande cha nyama kilichosagwa. Katika nyumba nyingi za maskini, nyama ikipatikana huanzia kwa watu wazima, na mtoto huonjeshwa mchuzi.

Kisha kuna saa baina ya kupika na kula. Watafiti wa Keneba walipopima uji wa watoto miaka ya 1970 waligundua kwamba hatari haikuwa katika kupika, kwani jiko huua vijidudu, bali katika kukaa: uji uliopikwa asubuhi kabla mama hajaenda shambani, ukaachwa kwa bibi au kwa dada mdogo, ulikuwa na vijidudu vingi mno ulipokuja kumaliziwa mchana, hasa msimu wa mvua. Mwaka 1991 Peter Lunn na wenzake walieleza kwamba asilimia 43 ya kuzorota kwa ukuaji wa watoto wa huko ilihusiana na kuharibika kwa ukuta wa utumbo mwembamba, hata kwa watoto wasioharisha. Ukuta ulioathirika hivyo hufyonza chakula kidogo na hupitisha vijidudu ndani ya damu, mwili ukatumia kupambana navyo nguvu ambayo ingejenga mifupa. Kwa sababu hiyo ilitarajiwa kwamba vyoo na maji ya kunawa vingeongeza vimo vya watoto, lakini majaribio makubwa ya Kenya, Bangladesh na Zimbabwe, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2018 na 2019, hayakuona ongezeko lolote kutokana na vyoo vya kawaida vya vijijini na vituo vya kunawia mikono, ilhali ushauri wa lishe pamoja na chakula kidogo cha nyongeza chenye mafuta na virutubishi vilileta ongezeko dogo. Kuhitimisha kwamba usafi hauna maana ni kosa. Inaelekea zaidi kwamba choo cha shimo na kibuyu chirizi ni usafi mdogo mno kwa mtoto anayetambaa juu ya udongo mmoja na kuku, na kwamba familia za Oslo hazikupata maji ya bomba kwa kufundishwa kunawa.

Takwimu za Tanzania za mwaka 2022 zinaonyesha udumavu wa asilimia 30 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, ukiwa umepungua kutoka 34 mwaka 2015 na 2016. Mkoa unaoongoza katika takwimu hizo ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, ukifuatwa na Njombe na Rukwa, mikoa ambayo ndiyo ghala la mahindi la nchi. Wanaoshangazwa na hali hiyo wanasahau nani analima mahindi hayo. Mradi wa lishe ulioanza Iringa mwaka 1983 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa ulikuwa umeliona hilo mapema: wanakijiji walipowapima watoto wao wenyewe na kujadili kila nukta iliyoshuka, mazungumzo yalitoka haraka kwenye chakula na kuingia kwenye kazi za mama, idadi ya safari za maji, na nani atampa mtoto mlo wa mchana, na vijiji vikaanzisha mahali pa kuwalishia watoto wakati mama wako shambani. Mama katika msimu wa palizi hupika mara mbili kwa sababu ana mikono miwili, na mtoto wake wa miezi kumi anahitaji kula mara tatu au nne. Mtoto huyo akizorota, jirani husema amebemendwa, yaani wazazi wamemdhuru kwa kukutana kimwili kabla hajaacha ziwa, na mama huona aibu hata kumpeleka kliniki.

Kwa wanawake walioajiriwa, muda wa kunyonyesha una sheria. Norwei huwapa wazazi wawili kwa pamoja likizo ya uzazi yenye malipo inayokaribia mwaka, na mama wengi wa huko hunyonyesha kwa muda mrefu, jambo lisilo la kawaida katika nchi tajiri, ambazo katika nyingi kati yake ni chini ya mtoto mmoja kati ya watano anayenyonya hadi mwaka. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama siku 84, na baada ya hapo hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, kwa mtoto ambaye wizara ya afya inaagiza anyonye maziwa ya mama pekee kwa siku 180 hivi. Sheria hiyo haimgusi mkulima wala mama lishe wala muuza mboga, ambao ndio wengi, na ambao siku 84 zenyewe hawajawahi kuzipata.